RIMU NZURI HAIBEBI MTU: SOMA NAMBARI YA MZIGO



Katika kurasa hizi tumezoea kusoma habari za mishahara, za saa za kazi na za wenzetu walioachishwa. Leo naomba nafasi kidogo niseme juu ya jambo ambalo wengine wataliona ni dogo, yaani rimu na matairi ya motokaa zetu. Ndugu zangu, si dogo. Jambo hili lilimlaza mwenzetu mmoja nyumbani majuma saba bila mshahara, na mkosaji wa kwanza katika habari hiyo ni mimi mwenyewe ninayeandika.

Siku hizi wafanya kazi wengi wana motokaa. Tunakopa katika Sacco, tunanunua gari lililotumika Japani, na tunalipa kidogo kidogo kila mwisho wa mwezi. Gari la namna hii si la mtu mmoja. Shifti ya usiku ikiisha na matatu hazijaanza, watu wanne watakuwa wamelisimamia mlangoni. Mtu akifiwa, gari hilo ndilo litakalokwenda matanga. Mke wa jirani akishikwa na uchungu usiku, mlango utakaogongwa ni wa mwenye gari. Kwa hiyo mtu anapobadilisha magurudumu ya gari lake, anabadilisha magurudumu ya watu wengi.

Na kubadilisha twapenda. Gari likifika tu, jambo la kwanza ni kuondoa rimu za chuma zilizokuja nalo na kutia rimu pana za aloi zinazong'aa. Sisemi ni dhambi. Mtu aliyefanya kazi miaka kumi ana haki ya kufurahia kitu chake. Ninalosema ni kwamba tunachagua kwa macho, na gurudumu halichaguliwi kwa macho.

YALIYOTUPATA

Mwaka 2023 nilikopa fedha nikaenda katika duka moja la matairi nikanunua rimu nne za inchi 17. Gari langu lilikuja na za inchi 15. Nilimwuliza mwenye duka, "Bwana, hizi zitafaa?" Akaniambia, "Zitaingia bila shida, na tairi lake ninalo hapa hapa." Kweli ziliingia. Hazikugusa madigadi hata nikikata usukani mpaka mwisho. Nikalipa, nikarudi nyumbani, na watoto wakatoka nje kutazama. Nilijiona bwana mkubwa.

Mwezi wa Agosti mwaka ule ule tulikwenda matanga Kinangop, watu watano, kumfariji mwenzetu aliyefiwa na baba. Wakati wa kurudi wenyeji wakatupa viazi, magunia matatu ya kilo 50 kila moja, tukayatia katika buti. Tulipokuwa tumefika barabara kuu ya kwenda Nairobi, gurudumu la nyuma la kushoto likaingia katika shimo lililokuwa kando ya lami. Sikuwa nakimbia. Nilisikia mlio kama wa bunduki, gari likavuta kushoto, tukaingia mtaroni.

Mungu alitulinda, hakufa mtu. Lakini mwenzetu mmoja aliyekaa nyuma alivunjika mtulinga. Yeye ni kibarua, si mwajiriwa wa kudumu kama mimi. Asipofanya kazi halipwi. Majuma saba alikaa nyumbani na mkono umefungwa shingoni, na sisi tulichanga tulichoweza. Mchango si mshahara.

Fundi aliyekuja kulivuta gari alilitazama lile tairi akanionyesha. Ubavu ulikuwa umekatika kama uliokatwa kwa mkasi, kwa maana ulibanwa kati ya ukingo wa shimo na ukingo wa rimu. Kisha akaweka kidole juu ya maandishi madogo yaliyo ubavuni mwa tairi akaniuliza, "Wewe ni mtu wa reli, sivyo? Behewa mnalipakia bila kusoma mzigo wake?" Neno hilo liliniingia kuliko maumivu.

MAANDISHI YALIYO UBAVUNI

Mimi kazi yangu ni mabehewa. Kila behewa la mizigo limeandikwa ubavuni uzito wake likiwa tupu na mzigo linaoweza kuchukua. Hakuna mtu wa reli atakayesema, "Hili limepakwa rangi nzuri, basi tuliongezee tani kumi." Magurudumu mawili ya ekseli moja tunayakereza yawe na kipimo kimoja, na tunayapima kwa geji, si kwa jicho. Haya yote twayajua kazini. Tukifika nyumbani tunayasahau.

Tairi la motokaa nalo limeandikwa ubavuni. Gari langu, ukifungua mlango wa dereva, kuna kibandiko kwenye nguzo kinachosema tairi lake ni 195/65 R15 91H. Wengi huishia kwenye ile 15. Tusome yote.

195 ni upana wa tairi kwa milimita. 65 ni urefu wa ubavu, lakini si milimita 65. Ni 65 kwa mia ya upana. R ni namna nyuzi za ndani zilivyopangwa, na karibu matairi yote ya siku hizi ni ya namna hiyo. 15 ni inchi za rimu. Halafu inakuja 91, ambayo ni nambari ya mzigo, na H, ambayo ni mwendo wa juu kabisa, kilometa 210 kwa saa. Huo mwendo hatuna haja nao.

Sasa tufanye hesabu, ile ile tuliyofundishwa darasa la sita katika shule ya misheni kwa fimbo. 195 mara 65, gawanya kwa 100, unapata milimita 126.75. Huo ni ubavu mmoja. Kuna ubavu wa juu na wa chini, basi mara mbili: 253.5. Rimu ni inchi 15, na kila inchi ni milimita 25.4, basi ni 381. Jumlisha: 634.5. Hicho ndicho kimo cha gurudumu zima, toka ardhini mpaka juu.

Kanuni ya kwanza ni hii. Rimu ikiongezeka, ubavu upungue, ili kimo cha gurudumu zima kibaki kile kile au karibu nacho. Mafundi wengi hukubali tofauti isiyozidi 3 kwa mia. Ukitoka 195/65 R15 ukaenda 205/55 R16, kimo ni milimita 631.9. Ni sawa kabisa. Lakini ukichukua 205/65 R16 kwa sababu ndiyo iliyopatikana, kimo ni 672.9, yaani umezidi kwa 6 kwa mia. Mita ya mwendo ikikuambia 80, wewe unakwenda karibu 85. Breki zina kazi zaidi ya ile zilizotengenezewa. Na siku utakayopakia watu, tairi litasaga madigadi.

Upana nao una kanuni. Tairi la 195/65 linataka rimu ya upana wa inchi 5.5 mpaka 7. La 225/45 R17 linataka inchi 7 mpaka 8.5. Kuvuta tairi jembamba juu ya rimu pana ili lionekane limetandazwa ni mchezo wa hatari, kwa maana mdomo wa tairi haukai mahali pake.

KANUNI AMBAYO HAWAKUAMBII

Sasa sikilizeni vizuri, maana hapa ndipo nilipoangukia mimi. Tairi nililouziwa lilikuwa 205/45 R17. Kimo chake ni milimita 616.3. Tofauti na la kwanza ni milimita 18, chini ya 3 kwa mia. Kwa kanuni ya kimo, mwenye duka hakukosa. Hata leo ukimwuliza atasema, "Hesabu yangu ilikuwa sawa."

Lakini nambari ya mzigo ya tairi lile ilikuwa 84. La kwanza lilikuwa 91. Ukiyatazama haraka utafikiri ni tofauti ya saba tu. Si hivyo. Nambari hizi si kilo, ni nambari za orodha, na orodha yenyewe ni hii:

84 ni kilo 500.
87 ni kilo 545.
88 ni kilo 560.
91 ni kilo 615.
93 ni kilo 650.
94 ni kilo 670.

Toka 91 mpaka 84 kila gurudumu limepoteza kilo 115. Magurudumu manne yamepoteza kilo 460. Hao ni kama watu sita wazima. Nilitoa fedha za mkopo, ninazolipia faida, ili gari langu lipunguziwe nguvu za kubeba watu sita. Na hizo kilo 500 ni za tairi lililojaa upepo wake. Mimi niliendelea kutia upepo ule ulioandikwa mlangoni kwa ajili ya matairi ya kwanza, ambao haukulitosha hili.

Tena ubavu. Tairi la kwanza lilikuwa na ubavu wa milimita 127, hili lilikuwa na milimita 92. Ubavu ndio mto wa kupokea shimo. Barabara zetu mwazijua. Mtu wa Kenya anayepunguza ubavu wa tairi ni kama mtu anayeuza blanketi mwezi wa Julai.

Na jambo lililonichoma zaidi ni hili. Rimu zile zile za inchi 17 zingeweza kunifaa. Kuna tairi la 205/50 R17 lenye nambari 93, lile linaloandikwa XL, yaani lililotiwa nguvu. Kimo chake ni milimita 636.8, karibu sawa kabisa na la kwanza, na mzigo wake ni kilo 650, mradi ulitie upepo zaidi kama linavyotaka. Tofauti yote ilikuwa 45 badala ya 50. Nililetewa 45 kwa sababu ndilo lililokuwa dukani, na mimi sikujua kuuliza. Wahenga walisema, uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.

Kwa hiyo neno langu ni moja. Kimo kikiwa sawa bado kazi haijaisha. Nambari ya mzigo isishuke chini ya ile iliyoandikwa mlangoni. Ikishuka, usinunue, hata ukipewa kwa nusu bei. Kimo hulinda gari, lakini nambari ya mzigo hulinda watu waliomo.

RIMU YENYEWE

Nitapita haraka, lakini lazima niseme. Hesabu matundu ya nati, kisha ujue kipimo cha duara lao. Gari la matundu matano laweza kuwa la milimita 100 au la 114.3. Kwa macho yanafanana. Fundi akikuambia atapanua matundu kidogo, chukua rimu yako uondoke.

Tazama pia nambari iliyoandikwa ET mgongoni mwa rimu. Inaonyesha gurudumu litaingia ndani kiasi gani. Ukitoka ET45 ukaenda ET30 kwa rimu ya upana ule ule, gurudumu limetoka nje kwa milimita 15. Wengi hupenda litokeze, lakini beringi haipendi. Wengine huongeza spesa juu yake, na stadi zinabaki zikishika nati kwa nyuzi chache tu.

Halafu nati zenyewe. Kuna rimu zinazotaka nati yenye kichwa cha mteremko na nyingine zinazotaka nati bapa yenye washa. Nati ya rimu moja kwenye rimu nyingine itakaza leo na kulegea kesho. Ukitia rimu mpya, kaza, endesha kilometa chache, kaza tena.

WASEMAO KINYUME

Nimeonyesha maneno haya kwa wenzangu kabla ya kuyaandika, na wengine hawakukubali. Mmoja alisema, "Gari ni langu na pesa ni zangu." Namjibu kwa heshima: gari ni lako, lakini mtulinga si wako. Siku ukilipanda peke yako, tia hata magurudumu ya mkokoteni. Siku ukimwambia mwenzako "ingia," umechukua mzigo wake. Wazee walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, maana kwa asiyeubeba huonekana mwepesi. Mimi niliuona mwepesi mpaka ulipoanguka.

Mwingine alisema, "Tairi lenye nambari kubwa ni ghali, na sisi ni watu wa mshahara mdogo." Hilo ni neno la kweli na silidharau. Lakini jibu lake si kununua tairi dhaifu. Jibu ni kubaki na rimu zako za chuma za inchi 15. Tairi la 195/65 R15 hupatikana kila mahali, na kwa kawaida bei yake ni chini ya tairi pana la inchi 17. Mtu maskini hana nafasi ya kununua urembo mara mbili. Mimi nilinunua mara mbili: mara ya kwanza dukani, mara ya pili hospitalini.

Wa tatu alisema, "Mbona wengi wanatembea na matairi hayo na hawaanguki?" Ndiyo. Hata reli yenye ufa hupitisha treni nyingi kabla ya ile moja.

MADEREVA WA KAZI

Tusidhani ni magari yetu tu. Nimeona pikapu za kazi, zinazobeba vyuma na mafundi pamoja, zimetiwa matairi ya motokaa ndogo kwa sababu yameingia kwenye rimu. Tairi la pikapu la 195 R14 C lina maandishi 106/104, na 106 ni kilo 950. Tairi la motokaa ndogo la inchi 14 lenye nambari 91 ni kilo 615. Yote mawili ni inchi 14. Mwenye kununua anaona ameokoa shilingi, na dereva ndiye anayekaa juu ya tofauti ya kilo 335 kwa kila gurudumu.

Dereva ndugu yangu, soma tairi kabla ya kushika usukani, kama sisi tunavyopima gurudumu kabla treni haijaondoka. Ukikuta halifai, mwarifu mkubwa wako, na uandike. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 yamtaka mfanya kazi aseme anapoona hatari kubwa, wala mwajiri hana ruhusa ya kumrudisha penye hatari kabla haijaondolewa. Ukisukumwa, njoo kwa mwakilishi wako wa chama. Hiyo ndiyo kazi yake.

MAOMBI YANGU

Naomba mambo matatu.

La kwanza, kila tawi libandike ukutani ile orodha ya nambari za mzigo, karibu na ratiba ya shifti, mahali ambapo kila mtu hupita. Karatasi moja yatosha.

La pili, mwanachama akiomba mkopo wa Sacco kwa ajili ya rimu na matairi, aonyeshe karatasi ya duka iliyoandikwa kipimo kizima pamoja na nambari ya mzigo, kando ya kile cha mlangoni. Wasitunyime mkopo, watuulize tu. Mimi kama ningeulizwa swali hilo moja, ningerudi dukani kubadilisha. Kuuliza si ujinga, na kuulizwa si aibu.

La tatu, sisi wanunuzi tudai risiti yenye maandishi hayo. Mwenye duka akiandika "tairi 17" tu, mwambie aandike yote. Mtu mmoja akidai ataonekana msumbufu. Tukidai sote, itakuwa desturi.

Yule mwenzetu amepona na amerudi kazini. Hajanilaumu hata siku moja, na hilo ndilo linanilaumu. Gari langu limerudishiwa rimu zake za chuma. Watoto waliniuliza kwa nini nimeliharibu. Niliwaonyesha ile 91 kwenye tairi nikawaambia kila mmoja aisome kwa sauti.

Nawe, ndugu msomaji, ukitoka kazini leo fungua mlango wa gari lako, au wa gari linalokuchukua, usome kibandiko. Kisha inama usome tairi. Nambari zikipatana, panda twende. Zisipopatana, afadhali tutembee.

Ndugu yenu katika chama,
Fundi wa Mabehewa